Umbali wa Marekani

Jioni moja ya mwezi wa Januari, mwaka 2019, siku mbili kabla ya kuondoka kwangu kwenda New York, mamangu aliniuliza swali ambalo yamkini kila mzazi humwuliza mwanawe anayesafiri. "Huko Marekani," alisema, "ni mbali kiasi gani?"

Nilikuwa barazani nikifunga sanduku langu. Nilimjibu upesi, kwa majivuno ya mtu aliyesoma jambo hilo jana yake, kwamba ndege itaondoka Nairobi na kufika New York kwa saa 15 bila kutua popote. Mama akanyamaza kidogo akihesabu. Alikuwa hajapanda ndege maishani mwake, lakini mabasi aliyajua, kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa upande wa Lamu, na kila mwaka aliwaendea. "Saa 15," akasema hatimaye, "basi ni kama kwenda Lamu na kurudi." Kisha akainuka kwenda kuepua chungu, na uso wake ulikuwa umetulia.

Jibu langu lilikuwa la kweli, na hata hivyo lilimdanganya. Sikulitambua hilo jioni ile. Nililitambua miezi sita baadaye, usiku, nikiwa na kalamu mkononi. Lakini maadamu ninyi mnaosoma kurasa hizi mko katika umri wa kupenda ramani na hesabu, nitaanza na ramani na hesabu, kama nilivyoanza mimi mwenyewe.

Chukueni tufe la dunia, kama shule yenu inalo, na uzi wa kushonea. Shikeni ncha moja ya uzi juu ya Nairobi, na ncha ya pili juu ya New York, kisha uvuteni hata ukaze. Mwalimu wetu wa Jiografia alitufanyisha jambo hili tulipokuwa kidato cha pili. Sababu yake ilikuwa mwenzetu mmoja aliyekuwa amechora kwa rula mstari mnyoofu juu ya ramani ya ukutani, akasema kwamba hiyo ndiyo njia fupi. Mstari wake ulikatiza katikati ya Afrika, ukapita Mali, ukalitoka bara katika pwani ya Mauritania. Mwalimu hakumkemea. Alileta tufe na uzi, akamwambia avute. Na uzi ulipokaza uliikataa njia ya rula: ukapanda kaskazini zaidi, ukapita juu ya jangwa la Sahara katika Chad na Algeria, ukaliacha bara la Afrika karibu na mji wa Marrakech huko Morocco, ukavuka bahari ya Atlantiki juu ya visiwa vya Azores, ndipo ukateremka kidogo kuifikia New York. Mwenzetu yule alitazama uzi, akatazama ramani, akauliza ni kipi kati ya viwili hivyo kisemacho uongo. Mwalimu akamwambia kwamba ramani ni ganda la chungwa lililolazimishwa kulala juu ya meza, na kwamba ganda halilali hivyo mpaka lichanwe au livutwe.

Uzi ule, ukipimwa kwa kipimo cha tufe, huwa na urefu wa kilomita 11,800 na kitu. Huo ndio umbali wa Nairobi na New York kwa mpigo wa ndege arukaye bila kugeuza shingo. Ndege ya chuma haiendi hivyo sawasawa. Rubani hukwepa dhoruba, hufuata njia alizopangiwa na waongozaji wa anga, na huzunguka nchi zenye vita. Kwa mfano, vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa, na ndege nyingi zilizozoea kupita juu yake zikalazimika kutafuta njia ya kando. Ndege kubwa za abiria, zikiwa zimekwisha kupanda juu, huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Gawanyeni, nanyi mtapata saa 13 na dakika chache. Ratiba husema saa 15 kwenda na 14 kurudi. Sehemu ya tofauti hiyo huliwa na kupanda, kushuka, kuzunguka, na kutambaa uwanjani kabla ya kuruka; sehemu nyingine huliwa na upepo.

Habari ya upepo ingewafurahisha wazee wa bandari ya Mombasa. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka pwani yetu kwa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, yakarudi makwao kwa kusi, baada ya Aprili. Nahodha aliyeulizwa umbali wa Maskati hakusema ni majuma mangapi, alitaja mwezi. Watu wengi hudhani kwamba mambo hayo yalikwisha siku matanga yalipokunjwa. Hayakwisha. Juu sana, kiasi cha kilomita 10 kutoka ardhini, katika anga za kaskazini ambako ndege hizi hupita, mna mto wa upepo utiririkao kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara kwa mara mwendo wake hupita kilomita 200 kwa saa. Haugeuki kwa msimu kama kaskazi na kusi, ingawa nguvu zake huzidi wakati wa baridi. Aendaye New York huukabili. Arudiye Nairobi huubeba mgongoni. Ndiyo sababu kurudi nyumbani ni kwepesi kuliko kwenda, kwa saa moja hivi.

Hapa aghalabu mwanafunzi hodari huinua mkono. Dunia, asema, huzunguka kuelekea mashariki. Basi ndege iendayo magharibi yapasa kufika mapema, kwa kuwa New York inakuja kuilaki. Nami niliuliza swali hilo hilo. Jibu ni kwamba hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, kama vile hewa iliyomo ndani ya basi inavyokwenda na basi. Nzi arukaye kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma hachukuliwi na kiti. Husafiri katika hewa iliyokwisha kubebwa.

Lakini mzunguko huo wa dunia una kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo iliyoingia nyumbani kwetu. Nairobi na New York zimetengana kwa digrii 111 hivi za longitudo. Jua hupita digrii 15 kila saa, kwa hiyo jua likiwa utosini Nairobi litachukua saa 7 na dakika zaidi ya 20 kufika utosini New York. Kwa kuwa hakuna serikali ipendayo dakika 20 na kitu, saa za Kenya hutangulia zile za New York kwa saa 7 kamili wakati wa kiangazi cha kwao, na kwa saa 8 wakati wa baridi. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, na huzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ninawaomba myakumbuke majira hayo mawili.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya usiku. Tuliondoka Nairobi karibu na saa sita ya usiku, tukatua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa zao, kukiwa bado giza. Aliyetazama saa za kuta za viwanja viwili angedhani kwamba tumesafiri saa 7 tu. Lakini mwili wangu ulizijua zote 15, na ulijua pia kwamba tangu jua la Nairobi lituchwe hata jua la New York lichomoze zilikuwa zimepita saa zaidi ya 20 bila mwanga. Sikuwa nimepata kuuona usiku mrefu namna ile. Abiria walilala, wakaamka, wakala, wakalala tena, na kila nilipoinua kifuniko cha dirisha nilikuta weusi ule ule. Tulikuwa tukiukimbia mchana, nao ulikuwa ukitufuata kwa nyuma.

Nisije nikaonekana kulalamika. Waliotutangulia waliuona umbali huu kwa namna nyingine kabisa. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege iliyokodishwa kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Mwaka uliofuata wengine wakaenda, na miongoni mwao alikuwamo Wangari Maathai, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Yeye aliondoka mwaka 1960, akarudi nchini mwaka 1966. Ndege za wakati huo zilihitaji kutua njiani ili kujaza mafuta, naam, lakini si kutua huko kulikoufanya umbali uwe mkubwa. Tikiti ya kurudi haikuwapo mfukoni, na barua ilichukua siku nyingi. Mzazi aliyemsindikiza mwanawe Embakasi alijua kwamba anaagana naye kwa miaka, akaaga kwa namna hiyo. Ndege iendayo moja kwa moja toka Nairobi hadi New York ilianza safari zake tarehe 28 Oktoba 2018, miezi mitatu tu kabla ya mimi kusafiri. Mamangu alikuwa katika kundi la kwanza la wazazi walioweza kuambiwa "saa 15" na kuaga kama aagaye mtu wa Lamu.

Na ndivyo alivyoaga. Hakulia. Alinipa chupa ya achari ya maembe, akanionya nisiifungue ndani ya ndege.

Baada ya mimi kufika aliniomba nimweleze saa za huko, nikamweleza: toa 8. Juma lililofuata kaka yangu alinipigia simu akicheka. Mama alikuwa amenunua saa ya pili ya ukutani, ya bei nafuu, akaitundika jikoni kando ya ile ya zamani, akaamuru irudishwe nyuma saa 8. Tangu siku hiyo alikuwa akijua mchana kutwa kama nimelala au nimeamka. Kila Jumapili, mishale ya saa ile ya pili ilipoonyesha saa mbili asubuhi, alinipigia simu. Na kwa kuwa ilikuwa alasiri kwake, nilisikia nyuma ya sauti yake watoto wa jirani wakicheza, na adhana ikianza.

Jumapili ya pili ya Machi simu haikulia. Ilikuja saa tatu. Nikamweleza kwamba Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, na kwamba sasa atoe 7. Mama akafikiri sana.

"Wameisogeza saa?"

"Naam, mama."

"Na jua limekubali?"

Nilicheka, lakini baada ya kuweka simu nilifikiri kwamba hakuna mwalimu aliyepata kuniuliza swali lililo bora kuliko hilo. Kaka alipanda juu ya kiti akaisogeza saa ya jikoni mbele kwa saa moja, na Jumapili iliyofuata simu ililia kwa wakati wake.

Nimesema kwamba nilitambua kosa langu nikiwa na kalamu mkononi. Ilikuwa usiku wa Alhamisi, mwezi wa Julai, saa tatu. Niseme pia kwamba kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani siku mpya huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku ule, hata huko New York, ulikuwa umekwisha kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Mombasa ilikuwa saa kumi alfajiri ya Ijumaa hiyo hiyo. Simu ilipolia nikaona ni kaka, nilijua kabla ya kuipokea, kwa sababu hakuna mtu aliye na habari njema saa kumi alfajiri. Mama alikuwa ameamka kutawadha, akaanguka. Hakusema neno tena.

Kaka aliniacha nilie. Kisha, kwa upole sana, akaniuliza: "Tukungoje?"

Wale miongoni mwenu ambao si wa dini yetu yafaa waelewe uzito wa swali hilo. Kwetu maiti haicheleweshwi. Aliyefariki alfajiri huzikwa mchana, na kama siku yenyewe ni Ijumaa husaliwa baada ya sala ya Ijumaa na kupelekwa makaburini. Nilikuwa na rafiki mmoja New York, mtu wa bara, ambaye alipofiwa na babake jamaa zake walimngoja siku 10 mpaka akafika akatia mchanga kwa mkono wake. Kila watu wana desturi zao, na sikuwahi kuzilinganisha ili kuona ipi ni bora. Usiku ule, lakini, nilimwonea wivu.

Nilimwomba kaka anipe dakika chache. Nilichukua bahasha iliyokuwa mezani, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake. Ndege iendayo moja kwa moja ilikuwa inaondoka kesho yake saa sita na nusu mchana, ambayo kwao ni saa moja na nusu jioni. Sala ya Ijumaa ingesaliwa kiasi cha saa saba mchana. Basi wangekuwa wamekwisha kumzika, na kuoga, na kula, saa kadhaa kabla ya ndege yangu kuacha ardhi ya Marekani. Nikaufuta mstari huo, nikaanza upya. Tuseme ndege iko mlangoni pangu wakati huu, saa tatu usiku, na injini zake zinanguruma, na hakuna foleni, wala pasipoti, wala sanduku. Saa 14. Ningetua Nairobi saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa, na Mombasa baada ya magharibi. Nikaandika tena. Niliikumbuka hata ile Concorde, ndege iliyokuwa ikivuka Atlantiki kwa mwendo uliozidi ule wa sauti, zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa. Nikagawanya, nikapata saa 5 na nusu, nikaona kwamba kwa Concorde ningewahi sala. Ila Concorde haikuweza kwenda mbali hivyo bila kutua kuongeza mafuta, na ilikwisha kustaafishwa mwaka 2003. Niliyajua yote hayo nilipokuwa nikiandika. Jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Nilichokuwa nikitafuta nyuma ya bahasha ile ni kosa katika hesabu.

"Msiningoje," nikamwambia.

Kaka alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, si kwa kunilaumu, bali kama mtu anayeshangazwa na jambo: "Lakini mama alikuwa akituambia si mbali."

Kumbe alikuwa amewaambia majirani wote. Kila aliyemhurumia kwa kuwa mwanawe yuko Marekani alijibiwa kwamba ni saa 15 tu, kama Lamu, kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa nimempa muda ambao ndege hukaa hewani, naye akaupokea kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeupokea, kama muda wa mwana kumfikia mamake. Alipokuwa akienda Lamu alitoka nyumbani, akapanda basi, akashuka, akavuka kwa mashua, akafika. Basi la Lamu halikumdai viza. Halikumtaka aombe likizo kwa tajiri, wala akope nauli ya mishahara kadhaa.

Sikulala. Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya majengo ya Queens, jua lilikuwa limechomoza punde. Nilisimama dirishani nikijua kwamba saa ile ile, chini ya jua lile lile, ila likiwa limepanda juu na kuwa kali, wanaume wa mtaa wetu walikuwa wanapokezana jeneza kutoka bega hadi bega. Nilisali peke yangu. Kisha nilifunga sanduku, nikaenda uwanjani mapema mno, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Niliizingatia safari ile ya kurudi kwa namna ambayo sikuizingatia ya kwenda. Saa 14 hewani, upepo ukitusukuma. Usiku wake ulikuwa mfupi. Giza liliingia mapema juu ya bahari, na nilipofumba macho na kuyafumbua palikuwa pamekucha juu ya jangwa lililokuwa jekundu kama tofali. Tulitua Nairobi saa tatu na nusu asubuhi ya Jumamosi. Kisha foleni ya pasipoti. Kisha kungoja sanduku. Kisha kungoja ndege ya Mombasa, iliyoondoka saa nane mchana na kutumia chini ya saa moja hewani. Kisha gari, na msongamano wa magari. Nilifika makaburini saa kumi alasiri, kaka akiwa amenilaki uwanjani na kunileta moja kwa moja. Tangu simu ile ilipolia zilikuwa zimepita saa 36, na katika hizo 36 ni 15 tu nilizokuwa angani. Nikamwambia kaka hesabu hiyo tukiwa njiani, sijui kwa nini. Alitikisa kichwa, akaendelea kuendesha.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado na unyevu. Palikuwa na kuti bichi limechomekwa upande wa kichwani. Tulisoma tulichosoma, tukaondoka.

Nyumbani ilikuwa siku ya pili ya matanga, na baraza ilijaa watu. Kila mmoja alinishika mkono, na wazee wawili watatu wakaniambia kwa wema kwamba nimefika haraka sana. Nadhani walisema kweli. Mababu zao wangengoja kaskazi. Nilipopata nafasi niliingia jikoni kunywa maji, nikaziona saa mbili ukutani. Ile ya zamani ilionyesha saa kumi na moja jioni. Ile ya pili ilionyesha saa nne asubuhi. Nikatazama mkono wangu. Sikuwa nimeigeuza saa yangu tangu nilipoondoka New York. Nayo ilisema saa nne, sawa kabisa na ile ya mama, hata dakika.

Niligeuza ya mkononi. Ile ya ukutani sikuigusa, wala hakuna aliyeniuliza kama niishushe. Wanawake waliokuwa wakipika walikuwa wakipita chini yake na masufuria yao bila kuitazama.

Nilikaa siku 12, kisha nikarudi kazini. Safari hiyo ilichukua saa 15, upepo ukiwa usoni.

Jumapili ya kwanza ya Novemba, tarehe 3, Wamarekani walirudisha saa zao nyuma. Nami niliirudisha yangu nyuma, nikaketi na kikombe cha chai bila kutazamia lolote, kwa kuwa simu ya Jumapili ilikuwa haijalia tangu Julai. Ililia saa mbili asubuhi kamili. Alikuwa kaka. Hatukuwa na mazungumzo marefu; aliniuliza habari za baridi, nikamwuliza habari za watoto. Nilipokaribia kuagana naye nilimwuliza amejuaje kwamba huku ni saa mbili, maana kama angetoa 7, kama tulivyozoea tangu Machi, simu yake ingenifikia saa moja.

Akasema alikuwa amemwuliza mwalimu wa mtoto wake siku ambayo Wamarekani hurudisha saa nyuma, akaiandika kwenye kalenda. Na kwamba ilipofika wakati, alichukua kiti, akapanda, akairudisha.